Mlengwa Naye Ana Nafsi

Katika madaftari ya TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, mtu anayepokea ruzuku huitwa mlengwa. Nchini Kenya, kwenye mpango wa ruzuku wa Inua Jamii, huitwa mnufaika. Ni maneno yenye adabu, na aliyeyachagua hakuwa na nia mbaya, lakini yasikilize vizuri: yote mawili yanamweka mtu upande wa kutendewa. Mlengwa amelengwa na mwingine. Mnufaika amefikiwa na manufaa. Na mtu mwenye ulemavu aliyafikia majina hayo akiwa ameshabebeshwa mengine ya zamani, kiwete, kilema, kipofu, kiziwi, yaliyomweka ngeli moja na kiti na kikapu. Sarufi yetu angalau ina huruma kidogo: husema kiziwi amefika, haisemi kimefika. Nomino imemshusha, kitenzi kikamrudishia utu wake.

Naanza na majina kwa sababu athari ya kwanza ya mpango wa serikali juu ya nafsi ya mtu hutangulia pesa. Hutokea pale anapojifunza yeye ni nani machoni pa serikali yake. Walioandika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 walilijua hilo. Ibara ya 54 inaanza kwa kumpa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na papo hapo haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Shule, usafiri, lugha ya ishara na vifaa vya kujimudu vinafuata baadaye. Mpangilio huo una maana. Asiyeheshimiwa hata akipewa kifaa hukipokea ameinamisha kichwa.

Tumezoea kuipima mipango hii kwa hesabu. Tangu 2011 Kenya imekuwa ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa muda wote. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu, na ina agizo la halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Hesabu hizi zina kazi yake. Zinachoshindwa kusema ni kama mtu huyo analala usingizi, kama anajiona mzigo, kama anatoka nje ya nyumba bila woga. Nimelitafakari jambo hili kwa muda, na ninachokiona ni hiki: ruzuku hutuliza kweli, lakini njia inayoipitia mpaka kumfikia mtu ina uwezo wa kumnyang'anya utulivu uleule iliokuja kumpa.

Kwamba hutuliza, ushahidi upo. Mwaka 2022 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 45 zenye watu zaidi ya 116,000 kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati. Waliopewa fedha taslimu walikuwa na afya njema zaidi ya akili na waliridhika zaidi na maisha. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo na haikupotea upesi. Karibu zaidi na nyumbani, Kelly Kilburn na wenzake waliwachunguza vijana wa Kenya waliokuwa katika kaya zinazopokea fedha za serikali za kulea yatima, na mwaka 2016 wakaandika kwamba uwezekano wa vijana hao kuwa na dalili za sonona ulikuwa umepungua kwa asilimia 24, nafuu ikionekana hasa kwa wavulana. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Zilikuwa za mlo na daftari, hazikukusudiwa kutibu akili ya mtu yeyote.

Sababu yake si ngumu kuiona ukishaishi na mtu mwenye dhiki. Mwaka 2013 watafiti walioandika katika jarida la Science waliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno na baada yake. Mkulima yuleyule alijibu maswali ya kufikiri vibaya zaidi wakati hana kitu kuliko baada ya kulipwa. Dhiki huchukua nafasi kichwani, ikakaa kama mgeni asiyeaga. Sasa mwongezee mkulima huyo mwili ambao dunia haikujengewa. Mwanauchumi Amartya Sen ameeleza kwa miaka mingi kwamba mwenye ulemavu hupata hasara mara mbili: kipato chake huwa kidogo, na hicho kidogo humpa pungufu ya kinachompa mwingine. Jirani anakwenda sokoni kwa miguu. Yeye analipa bodaboda kwenda na kurudi. Mwenye ualbino anahitaji losheni ya jua, kofia pana na mikono mirefu kabla hajafika shambani. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ananunua nepi mtoto akiwa na miaka kumi na miwili. Shilingi 2,000 ikiingia katika nyumba kama hiyo haimalizi hata nusu ya mahitaji, lakini inaondoa hesabu moja iliyokuwa ikizunguka kichwani usiku kucha.

Kuna nafuu nyingine ambayo tafiti huipita haraka, nami naiona kubwa kuliko zote. Katika jamii zetu mtu hutambulika kwa kutoa. Kuna mchango wa msiba, mchango wa harusi, sukari ya mgonjwa, mia mbili ya kumtuma mtoto dukani. Aliyeishi miaka thelathini akipokea tu, asiyewahi kusomwa jina lake kwenye daftari la rambirambi, ana upweke wa aina yake hata akiwa katikati ya ukoo. Siku anapotoa ya kwake, hata kama imetoka serikalini, anahama kutoka kwa wanaoletewa kwenda kwa wanaoleta. Shemeji anaanza kumwuliza maoni. Watoto wanaanza kumwamkia wenyewe bila kusukumwa. Ruzuku imemnunulia nafasi kwenye mkeka, na hilo halimo katika ripoti yoyote ya fedha.

Lakini nafuu hiyo inasimama juu ya tarehe. Kiasi cha shilingi 2,000 cha Kenya hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi huku unga, mafuta na nauli vikipanda, na hilo peke yake ni dhuluma. Kinachovuruga akili zaidi, hata hivyo, ni kuchelewa. Malipo yamewahi kukaa miezi kadhaa bila kutoka, kisha yakaja kwa mkupuo. Kwa karani ofisini, mkupuo huo ni sawa na malipo ya kila mwezi, maana jumla ni ileile. Kwa anayesubiri sivyo hata kidogo. Mwenye duka alimkopesha unga kwa sababu ya tarehe. Tarehe ikipita, anayeaibika ni mkopaji, si wizara. Mwezi wa pili anapita njia ya nyuma asionekane dukani. Mwezi wa tatu anaulizwa na mpwa wake kama jina lake limekatwa, naye hana wa kumwuliza. Pesa zinapofika zinalipa deni, ila muda ule wa kujificha umeshapita na haulipwi. Ningekuwa na la kuamua kati ya kuongeza kiasi na kuheshimu tarehe, ningeomba yote mawili, na tarehe ningeitaka kesho asubuhi, kwa sababu kuheshimu tarehe hakudai shilingi mpya katika bajeti.

Sasa tufike penye maumivu yenyewe, yaani kuthibitisha. Ili serikali ikusaidie, ni lazima kwanza ikuone, na ili ikuone ni lazima uonyeshe. Nchini Kenya njia hupitia hospitali, mbele ya madaktari wa tathmini, kisha kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha, kwa ajili ya ruzuku, orodha inayojadiliwa kijijini. Tanzania nayo hupitisha majina ya kaya maskini kwenye mkutano wa hadhara. Nia ya mkutano ni njema: majirani wanajuana, na uwazi huzuia mwenyekiti kuwaandika ndugu zake. Lakini fikiria anayezungumzwa. Ameketi nyuma, watu wanajadili kama umaskini wake unatosha, kama mguu wake unatosha, kama mwanawe aliyeko mjini hamtumii kitu. Aliyezoea kuficha shida kwa staha, kama alivyolelewa, anatakiwa kuifungua mbele za watu na kuomba iaminiwe.

Na ulemavu usioonekana je? Mwenye kifafa siku hiyo anaonekana mzima. Mwenye skizofrenia anayetumia dawa anajibu maswali vizuri, na majibu yake mazuri yanamwondolea haki. Hapa ndipo mpango unapomfundisha mtu somo baya: kwamba udhaifu wake ndio mali yake, na jitihada yake ni ushahidi dhidi yake. Mwenye kujikongoja kwa fimbo anaijua hofu ya kuonekana akitembea vizuri. Anayeuza maandazi mlangoni anajiuliza kama afunge meza siku afisa anapokuja. Huku si kudanganya. Ni woga wa mtu aliyeelewa kwamba msaada unatolewa kwa asiyeweza, naye anaweza kidogo.

Afrika Kusini, ambayo ina ruzuku ya ulemavu kubwa kuliko zetu, ilipitia jambo hili kwa uchungu. Mwanauchumi Nicoli Nattrass aliandika mwaka 2006 kuhusu watu waliopata ruzuku hiyo kwa sababu ya UKIMWI, kisha dawa za kupunguza makali zikawarudishia nguvu. Waliopona kiasi cha kuweza kufanya kazi walikuwa hatarini kupoteza ruzuku, katika nchi ambayo kazi zenyewe hazikuwepo. Mtu aliwekwa kwenye mizani asiyopaswa kuwekwa binadamu: afya upande huu, chakula cha nyumba nzima upande ule.

Ushahidi mzito zaidi kuhusu kupimwa unatoka England. Kati ya 2010 na 2013 watu zaidi ya milioni moja waliokuwa wakipokea posho za ulemavu waliitwa upya kupimwa kama wanaweza kufanya kazi. Ben Barr wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake walilinganisha maeneo yaliyopima wengi na yaliyopima wachache, na walikuta kwamba zoezi hilo liliambatana na vifo 590 vya ziada vya kujiua, watu 279,000 zaidi waliosema wana matatizo ya afya ya akili, na dawa za sonona zilizoandikwa mara 725,000 zaidi. Hesabu za namna hii haziwezi kumnyooshea kidole marehemu mmoja na kusema chanzo kilikuwa fomu. Hata hivyo uzito wake haukwepeki. Ile ilikuwa nchi tajiri, yenye ofisi, barua na njia za rufaa, na bado kule kuulizwa upya kama kweli wewe ni mlemavu kuliwaumiza watu kiasi hicho. Sisi tunaojenga mifumo yetu sasa tuna bahati ya kuliona shimo kabla ya kulikanyaga. Aliyezaliwa bila mkono hatapata mkono baada ya miaka mitano. Hakuna sababu ya kumrudisha foleni kuhuisha cheti.

Linganisha na Zanzibar, ambako Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70. Bibi anaonyesha kitambulisho chenye mwaka wa kuzaliwa, basi. Haulizwi kama ni maskini, haulizwi wanawe wanamtumia nini. Jirani yake aliyekuwa karani na yule aliyekuwa mkulima wa mwani wanapokea sawa. Uzee umekuwa sifa ya kutosha, nao hauna aibu. Najua ulemavu haupimiki kwa kalenda, na hazina za nchi zetu zina mwisho. Bado somo lipo: kadiri maswali yanavyopungua mlangoni, ndivyo pesa inavyoingia na heshima yake.

Kisha kuna suala la mkono unaopokea. Ruzuku ya ulemavu mkubwa ya Kenya mara nyingi hupokelewa na mtunzaji, na kwa mtu asiyeweza kuzungumza wala kushika kitu hakuna njia nyingine. Ila mipaka hupotea kwa urahisi. Kijana kiziwi mwenye akili zake timamu anakwenda na kaka yake kwa kuwa pale dirishani hakuna anayejua lugha ya ishara, na mwezi wa tatu karani anamtazama kaka tu. Asiyeona anataja namba yake ya siri kwa wakala kwa sauti, mbele ya foleni, kwa sababu simu yake haisemi. Laini imesajiliwa kwa jina la mjomba, na hapo mjomba ndiye mnufaika. Mtu anajua kuna fedha zenye jina lake na hajawahi kuzigusa. Namna hiyo ya kusaidiwa inaweza kuwa nzito kuliko kutosaidiwa, maana sasa lawama nayo imeongezeka: si unapewa hela na serikali, walalamika nini?

Kwa upande wa pili nisimdhulumu mtunzaji. Mara nyingi ni mama, na mara nyingi ameachwa na mume siku mtoto alipoambiwa hatatembea, huku wakwe wakitafuta laana imetoka ukoo gani. Anamnyanyua mtoto mwenye kilo arobaini mara kumi kwa siku. Hatoki, kwa sababu akitoka hakuna wa kumgeuza. Mpango ukimwona kama njia tu ya kufikishia fedha, umeiacha nje nafsi iliyochoka kuliko zote katika nyumba hiyo. Huko Kilifi, Kenya, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walifuatilia vikundi vya kujisaidia vya walezi wa watoto wenye ulemavu, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo: walezi waliokaa kwenye vikundi walisema wanapata tegemeo zaidi kutoka kwa watu wao. Ndani ya vikundi hivyo mlikuwa na biashara ndogo na akiba, lakini pia mlikuwa na kitu rahisi sana, kukaa na mwenzako ambaye huna haja ya kumweleza. Ofisi ya ustawi wa jamii inayolipa walezi mia katika kata moja ina majina yao yote, na kuwakutanisha kunagharimu chai.

Kikundi ndicho kinachonifanya niipende mikopo ya halmashauri za Tanzania pamoja na kasoro zake. Ruzuku humwambia mtu, tumeona huwezi. Mkopo humwambia, tunaamini utarudisha. Tofauti hiyo mtu huisikia mwilini. Fundi viatu mwenye ulemavu wa miguu anayeitwa na afisa maendeleo ya jamii kuulizwa kuhusu marejesho anaulizwa kama mfanyabiashara, hata akikemewa. Ndiyo maana kusitishwa kwa mikopo hiyo Aprili 2023, kwa sababu za usimamizi mbovu na fedha zisizorejeshwa, hakukuwa jambo la vitabu vya hesabu pekee. Waliokuwa wamelipa kwa uaminifu, wakisubiri awamu ya pili, walifungiwa mlango kwa makosa ya vikundi hewa. Mwaka uliofuata mikopo ilirudi. Nafsi iliyozoea kusikia hapana huchelewa kurudi ofisini hata mlango ukifunguliwa tena, na halmashauri inayotangaza kwa bango tu, bila kwenda nyumbani kwa mtu wala kuleta mkalimani wa lugha ya ishara, itashangaa kwa nini ile asilimia 2 haichukuliwi.

Kuna ulinzi ambao nao hujeruhi. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia 2007, serikali ya Tanzania iliwakusanya watoto katika vituo na shule za bweni, Buhangija ya Shinyanga ikiwa maarufu kuliko zote. Uamuzi huo uliokoa maisha, na aliyekuwa mzazi wakati ule anajua hapakuwa na muda wa kutafakari. Lakini watoto walikaa miaka. Wengine waliletwa wadogo mno kuikumbuka sura ya mama, na baadhi ya wazazi hawakurudi. Mtoto aliyefungiwa kwa usalama wake hujifunza kwamba nje kuna wauaji na nyumbani hakuna wanaomhitaji, na mafunzo hayo mawili hubaki naye akiwa mtu mzima. Human Rights Watch iliyaandika maumivu ya kutengana huku mwaka 2019. Kumrudisha mtoto kijijini ni kazi ndefu ya kumwandaa mama, shangazi, mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji, na mtoto mwenyewe ambaye amesahau lugha ya nyumbani. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany kuwa mbunge, wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni nchini. Naamini kwamba kwa mtoto wa Buhangija, kumsikia mtu wa rangi yake akiuliza maswali bungeni kulifanya kazi ambayo uzio usingeweza kuifanya.

Limebaki jambo moja linaloniudhi tangu zamani, la viti mwendo vinavyokabidhiwa uwanjani. Jukwaa limepambwa, mgeni rasmi amechelewa saa tatu, wapokeaji wamepangwa mstari juani tangu asubuhi, na mama mwenye ualbino akiwa miongoni mwao. Jina linasomwa, anasukumwa mbele, picha inapigwa, anatakiwa atabasamu na kusema asante kwa niaba ya wenzake. Kiti chenyewe mara nyingi ni cha kipimo kimoja kwa wote, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulishaeleza kwamba kiti kisicholingana na mwili huleta vidonda na kuharibu mgongo. Kule Moshi, chuo cha TATCOT kilicho katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo kutoka sehemu nyingi za Afrika, kwa hiyo ujuzi tunao. Hakuna anayepewa miwani kwa ngoma na matarumbeta. Mwenye kiti naye apangiwe siku kliniki kama mgonjwa wa macho, apimwe nyonga na mgongo, fundi alegeze hapa na kukaza pale, aulizwe njia ya kwao ni ya mchanga au ya mawe, atie saini, ajiendeshe mwenyewe mpaka nje ya geti.